Mvua ya Kakamega na Nyota Zisizoonekana

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa hiyo, nilipopewa zoezi la kupanga, kwenye karatasi tu, jinsi ya kuipima anga nzima kwa darubini ya miale ya infraredi, sikusita. Mahali pa kwanza nilipopaandika palikuwa Kakamega, nyumbani.

Nilijiona nina hoja. Mji wetu u karibu na ikweta, na aliye hapo huweza, mwaka ukizunguka, kuziona nyota za kaskazini na za kusini. Wataalamu wa mradi wa 2MASS, walioipima anga kati ya 1997 na 2001, walihitaji darubini mbili pacha zenye vioo vya upana wa mita 1.3: moja Mount Hopkins, Arizona, na ya pili Cerro Tololo, Chile. Sisi ingetutosha moja!

Miale hiyo niliijua tangu utotoni. Nyanya alinionya nisiguse mafiga usiku hata moto ukiwa umezimika. Jiwe halikuwaka, ila kiganja kilihisi joto. Joto la namna hiyo, lisiloonekana, William Herschel aliligundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya wekundu wa mwanga wa jua. Miale hiyo hupenya vumbi la Njia Nyeupe na kufichua nyota ambazo macho hayazioni.

Lakini hoja yangu ilikuwa na adui. Mvuke wa maji hewani huifyonza miale hiyo, ukiiachia madirisha machache tu ya kupitia. Ndiyo sababu wapimaji hukimbilia milima mirefu yenye hewa kavu. Nami nilikuwa nikiyasoma hayo huku mvua ya alasiri ikipiga mabati, kama ilivyopiga jana yake, na ukungu ukifuka msituni.

Nikalifuta jina la nyumbani. Mkono ulikuwa mzito, msomaji. Kisha nikakumbuka kwamba mvua iliyoishinda darubini yangu ndiyo iliyokuza mahindi yaliyonilipia karo. Kupapenda nyumbani si kupadai kila kitu.

Kaskazini mwa Kenya kuna milima katikati ya nyika kavu, nayo haiko mbali na ikweta. Hata hivyo, orodha yangu mpya haikuanza na jina la mahali. Ilianza na swali: hapa hewa ina maji kiasi gani?