Kifaa Kilichokataa Chaji

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba hasira ni hasara. Likizo ya Aprili mama alininunulia kifaa cha mtumba cha kusomea vitabu. Lo! Furaha yangu haikuwa na kifani. Wiki ya pili, kikazima ji! Nikakiweka kwenye chaji usiku kucha, wapi! Nikamfokea mdogo wangu, "Ni wewe umekiharibu!" Akalia kwikwi, akaapa hajakigusa.

Nilikipeleka kwa fundi wa simu mtaani. Alimulika tundu la chaji kwa tochi, akacheka. "Kijana, humu mna nyuzi tele. Waya haushiki." Akazichokoa polepole kwa kijiti cha meno. "Na betri ikiisha kabisa, kioo hakiwaki papo hapo. Kiache kwenye chaji saa kadhaa, kisha ubonyeze swichi kama sekunde 40."

Jioni kikawaka. Lakini furaha ilinitoka. Nyuzi zile zilikuwa za buluu, rangi ya koti langu ambalo mfukoni mwake nilikibeba kila siku.

Nilimwomba mdogo wangu msamaha. Ndugu msomaji, kabla hujamnyoshea mwenzio kidole, kagua kwanza mfuko wako.