Picha ya Newala



Katika toleo hili mtaona ukurasa wa picha za safari ya maulidi, tulipotoka Masasi na wanafunzi wetu kwenda Newala. Picha ni nzuri, alhamdulillahi, lakini ipo moja inayohitaji maelezo, na maelezo hayo ni deni letu. (Kuhusu hukumu ya picha masheikh wana kauli zao, na hapa si mahali pake.)

Kompyuta ya madrasa ni kuukuu, haibebi programu nzito. Kijana mmoja tuliyemsomesha alituwekea ImageMagick, programu ya bure iliyoanzishwa na John Cristy huko Marekani mwaka 1987. Huibofyi kwa kipanya. Unaiandikia amri, nayo inatenda. Kukata picha unaandika hivi:

convert maulidi.jpg -crop 800x600+400+200 mpya.jpg

Yaani, toa kipande chenye upana wa nukta 800 na kimo cha nukta 600, ukianzia nukta 400 kutoka ukingo wa kushoto na 200 kutoka juu. Kilicho nje ya hapo kinatupwa. (Kwa toleo la 7, lililotoka mwaka 2016, neno la mwanzo ni magick.) Amri hii haigusi picha ya asili, inatoa nyingine pembeni.

Sisi tulikuwa na picha 64, na mpiga chapa anasubiri. Kijana alikuwa ametutajia pia mogrify, inayokata picha zote za folda kwa mstari mmoja. Akatahadharisha kwamba hiyo huandika juu ya picha ileile, ya asili haibaki. La kwanza tulilisikia, la pili likatupita. Tukapima picha moja tu, ambayo watoto walikuwa katikati, tukabonyeza. Kufumba na kufumbua kazi imekwisha, nasi tukafurahi kweli.

Picha ya Shimo la Mungu, pale ardhi inapoporomoka na bonde la Ruvuma kuonekana chini, ilikuwa na watoto kumi na wawili pamoja na mama mtu mzima wa Newala aliyewahi kuwafundisha Juzuu Amma. Alisimama kushoto kabisa, ndani ya zile nukta 400. Kadi ya kamera tulikwisha kuifuta.

Miezi miwili baadaye mama yule akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Binti yake akatuletea ujumbe: amesikia tunayo picha ya mama, na yeye hana hata moja.

Jambo hili halikuwa la kujibu kwa simu. Tulipanda gari hadi Newala, tukakaa barazani, tukaeleza tulivyofanya na tukaomba radhi. Alinyamaza. Kisha akaitaka picha hivyo hivyo ilivyo. Aliitazama sana, akaweka kidole begani kwa mtoto wa mwisho.

“Ustadhi, huu si mkono wa mama? Pete yake hii.”

Sisi hatukuwa tumeuona.

Akatuomba tumsafishie nakala mbili, moja yake na moja ya dada yake aliyeko Mtwara.