Tatizo Si Bango, Tatizo Ni Nani Kalibandika

Kuna hoja imetugawa kwenye jumuiya ya wanafunzi wa idara yetu tangu muhula huu uanze. Nimeona niiandike hapa kwa sababu jumuiya nyingine nazo zina tovuti, na bili ya tovuti haichagui idara. Hoja yenyewe ni hii: tukiweka mabango ya matangazo kwenye tovuti yetu, itaonekana ya kibabaishaji?

Kwa asiyeifahamu, tovuti yetu ni ndogo tu. Ina mitihani ya miaka iliyopita, ratiba, noti za masomo ya mwaka wa kwanza na orodha ya vyumba vya kupanga jirani na chuo. Haina madoido yoyote. Lakini wiki mbili kabla ya mitihani ndiyo inayobeba watu, hasa wale ambao hawana hela ya kutoa kopi za kila kitu. Sasa, ada ya seva na jina la tovuti hulipwa kila mwaka, na mwaka huu mfuko wa jumuiya umekauka. Isipolipwa kabla ya muhula kuisha, tovuti inazimwa, na vyote vilivyomo vinabaki kwenye flashi ya mtu mmoja ambaye naye anamaliza chuo mwaka huu.

Mweka hazina wetu akaja na wazo: tujiunge na mtandao wa matangazo, tubandike mabango, tovuti ijilipie yenyewe. Nusu ya watu wakashangilia. Nusu wakasema haiwezekani, tovuti ya wasomi isigeuzwe nguzo ya umeme ya stendi, ile yenye karatasi za waganga kutoka juu hadi chini. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akasema, "Mkuu, mimi nikishaona bango tu, najua hapa ni kwa wapiga dili."

Mimi sijakubaliana na nusu yoyote kati ya hizo mbili.

Nianze na hao wanaosema bango lenyewe ndiyo uhuni. Chukua gazeti lolote la leo. Chini ya ukurasa wa mbele kuna tangazo la benki au la kampuni ya simu, tena la rangi, na hakuna anayesema gazeti limekosa weledi. Blogu ya Michuzi, iliyoanzishwa na mpiga picha Muhidin Issa Michuzi mwaka 2005, kwa miaka mingi ilikuwa na mabango kulia na kushoto, na bado watu wengi walianza siku yao hapo. Hata Wikipedia, ambayo haiuzi nafasi ya tangazo kabisa, mara kwa mara huweka bango kubwa juu ya makala kuomba michango. Bango lile linaudhi, sawa, lakini hujawahi kusikia mtu akisema Wikipedia ni ya matapeli kwa sababu yake.

Bango la kwanza kabisa lililopata umaarufu kwenye intaneti nalo halikuwa la kihuni. Lilitoka tarehe 27 Oktoba 1994 kwenye HotWired, tovuti ya jarida la Wired la Marekani, na mojawapo ya kampuni zilizolipia ilikuwa AT&T. Lilikuwa kamba nyembamba. Ukilibofya, lilikupeleka kwenye ukurasa wa kutembelea majumba ya makumbusho ya sanaa. Wenye jarida walijua nani amelipa, picha gani itakaa pale, na itakaa kwa muda gani. Kama lingeleta aibu, aibu ingekuwa yao, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kuliangalia kabla ya kulibandika.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa upande wa pili, wale wa "tujiunge tu". Mabango ya mtandao wa matangazo hayafanyi kazi namna ile. Wewe mwenye tovuti unatenga nafasi tupu, basi. Mwanafunzi akifungua ukurasa, nafasi ile inapigiwa mnada palepale, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mifumo ya watangazaji inaangalia simu yake, mahali alipo na alichowahi kutafuta, kisha anayetoa dau kubwa ndiye anayeingia. Ndiyo maana mimi na wewe tukifungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, mimi naona viatu, wewe unaona mikopo ya haraka. Mwenye tovuti hajaona chochote kati ya hivyo. Kweli, unaweza kufunga aina fulani za matangazo, lakini huchagui wewe lipi liingie. Umempa mtu ukuta wako na ufunguo juu.

Matokeo yake nimeyaona. Mwaka jana nilikuwa natafuta noti za takwimu kwenye tovuti moja ya vitabu vya bure. Juu ya ukurasa kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua". Chini yake kingine. Katikati kabisa, kwa maandishi madogo ya bluu, ndipo kilipokuwa kiungo chenyewe. Vitufe vile viwili vilikuwa mabango. Mwenzangu wa chumbani alibofya cha juu, simu ikaanza kumwambia ina virusi kumi na tatu na apakue programu ya kuisafisha. Bando la siku likaisha kwenye kuhangaika kufunga kurasa. Noti hakupata, na mpaka leo tovuti ile ukimtajia anakunja uso. Aliyetengeneza bango lile hamjui. Anayemjua ni mwenye tovuti, na ndiye anayemlaumu.

Naona yuko sahihi kumlaumu. Hata watangazaji wenyewe wanaogopa kuchafuliwa na jirani. Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Tripod miaka ya 1990, ndiye aliyeandika programu ya mwanzo ya matangazo yale yanayochomoza kwenye dirisha lake yenyewe. Mwaka 2014 aliandika makala kwenye The Atlantic akaomba radhi, na akaeleza ilianzia wapi: kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Dirisha la pembeni lilibuniwa ili tangazo na ukurasa visionekane kama ndugu. Kama kampuni ya magari inaogopa kuonekana ndugu wa ukurasa, sisi wa tovuti ya noti tuna sababu ya kuogopa kuonekana ndugu wa tangazo la kubeti, hasa wiki ambayo boom limeingia.

Tuje kwenye pesa, maana huko ndiko mweka hazina anakotubana. Matangazo ya namna hii hulipwa kwa kila mara elfu moja yanapoonekana. Tuseme ukurasa wetu unafunguliwa mara 20,000 kwa mwezi, na tuseme tunapata nusu dola kwa kila elfu. Hiyo ni dola 10. Google AdSense hailipi mpaka ufikishe dola 100. Kwa hesabu hiyo tunasubiri miezi kumi, na ndani ya miezi hiyo mna likizo ndefu ambayo hakuna anayefungua tovuti. Bili haitusubiri. Na kumbuka kwamba mabango yale hayaji bure kwa msomaji: kila moja linavuta picha na programu zake kwenye bando la mwanafunzi. Yaani tunachangisha wenzetu kimyakimya, halafu tunapewa chenji.

Najua kuna atakayenitajia yule kijana wa Uingereza, Alex Tew. Mwaka 2005, akiwa na miaka 21 na anatafuta ada ya chuo, alifungua ukurasa mmoja wenye pikseli milioni moja, akauza kila pikseli kwa dola moja, katika vipande vya kumi kwa kumi. Kufika Januari 2006 zote zilikuwa zimeisha na alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni moja. Ukurasa mzima ulikuwa mabango matupu, tena mabango ya ovyo yaliyobanana kama abiria wa daladala ya jioni. Lakini kila aliyeingia aliambiwa wazi: huu ni ukuta wa matangazo, nauza ili nisome. Hakuna aliyekuja kutafuta noti akaishia kwenye virusi. Tew aliuza nafasi mwenyewe, na alisema ukweli kuhusu anachouza. Hicho ndicho cha kuiga, kwa sababu wazo lile la pikseli lishatumika na halitarudi.

Basi pendekezo langu ni hili. Tuuze mabango wenyewe, mawili tu, kwa watu tunaoweza kuwafikia kwa miguu: duka la steshenari la getini, fundi simu, anayejalidi tasnifu. Kila mmoja akilipa shilingi 20,000 kwa mwezi, tunapata 40,000, na zinalipwa mwanzo wa mwezi, mkononi. Bango liwe picha moja iliyotulia, isiyometameta, nyepesi. Juu yake paandikwe "Tangazo". Lisikae kwenye kurasa za mitihani wala karibu na kitufe cha kupakua. Na matangazo yetu wenyewe ya ratiba tusiyawekee maboksi ya rangi juu ya ukurasa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Rice, Benway na Lane, walionyesha mwaka 1998 kwamba watu wamezoea kuruka chochote kinachofanana na bango, hata kama ndicho wanachokitafuta. Ukiweka "Mtihani umehamishiwa Jumanne" kwenye boksi jekundu pembeni ya tangazo la steshenari, jua kuna watu watakuja Jumatatu.

Pendekezo langu nalo lina shimo lake, na dada mmoja wa kamati ya malazi ameshanionyesha. Mtangazaji wa mbali hakujui, kwa hiyo hakuombi kitu. Wa karibu anakujua. Leo analipa, kesho anataka maneno mabaya yaliyoandikwa juu ya huduma yake yafutwe. Hili ni la kweli, na zaidi kwenye vyumba: mwenye nyumba akitulipa, atataka nyumba yake ikae juu kwenye orodha, na mwaka wa kwanza aliyetoka mkoani atadhani ipo juu kwa sababu ni nzuri. Kwa hiyo tuseme mapema kabisa: mwenye nyumba, dalali au hosteli hawauziwi bango, hata wakija na dau gani. Tunapoorodhesha vyumba tunamshauri mwenzetu, na hatuwezi kumshauri huku tumeshapokea cha mtu.

Kwa yule kaka wa mwaka wa tatu, jibu langu ni kwamba duka lenye kibao mlangoni halikosi heshima. Linalokosa heshima ni lile ambalo mwenyewe ukimuuliza "hiki kibao ni cha nani?" anajibu hajui. Mtu akitukuta maktaba akatuuliza kwa nini fundi simu yule yupo kwenye tovuti yetu, tuweze kumjibu: tunamjua, yupo pale getini, analipa kiasi hiki, na hela imekwenda kwenye seva.

Kikao cha kupiga kura ni mwisho wa mwezi huu. Mwenye duka au fundi anayemwamini aje na jina lake. Na asiyetaka bango lolote aje pia, ila aje na hesabu ya mchango wa kila mwanachama, kwa sababu bili ina tarehe.