Mafia, Siti na Sisi Wawili

Miaka saba ya ndoa, na mimi na mume wangu tulikuwa tumebakiwa na mazungumzo ya aina tatu tu: ada, umeme, na nani anamfuata mtoto shule. Hatugombani, jamani. Bora hata ugomvi! Basi, nikakata tiketi mbili za Mafia.

Kutoka Dar hadi Kilindoni kwa ndege ndogo ni kama nusu saa. Ukitaka kubana matumizi, teremka hadi Nyamisati, Kibiti, upande boti. Sisi tulifikia Utende, Ghuba ya Chole ikiwa mbele yetu.

Siku ya kwanza tulivuka kwenda kisiwa cha Chole. Kuna magofu ya enzi za Mjerumani, mizizi ya miti imezikumbatia kuta kama inazizuia zisianguke. Juu mitini, popo wakubwa wananing'inia mchana kutwa. Mume wangu alipiga picha. Mimi nilijibu meseji za ofisini. Unaona mambo hayo?

Usiku, barazani, nikafungulia albamu ya Siti Muharam, Siti of Unguja, iliyotoka mwaka 2020. Huyu ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule binti wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Bibi alifariki mwaka 1950. Kitukuu amezirudia nyimbo zake pamoja na mwanamuziki Mohamed Issa Matona, na wamezivua mapambo. Hukuti kelele za rusha roho. Kuna udi, ngoma na sauti, na katikati yake kimya kinachokuacha usikie kila neno.

Na hapo Mafia hazikusikika kama ngeni. Kisiwa hiki kilikuwa cha Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1890, kilipoangukia kwa Wajerumani.

Wimbo wa tatu au wa nne, mwenzangu akasema, "Mama Asha, huu marehemu mama alikuwa akiuimba akisuka ukili."

Nikageuka. Niliolewa mama mkwe ameshafariki, na kwa miaka saba sikuwahi kusikia kwamba alikuwa akiimba. Sikuwahi kuuliza.

Akaendelea kuzungumza. Habari za mama, za nyumba ya makuti, mwisho akafika kwetu. "Tangu upate cheo, nikikusemesha naona kama nakupotezea muda." Ilinichoma. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni, nikayameza. Kisha nikamwambia langu: kwamba naye akirudi nyumbani hukimbilia taarifa ya habari, na mimi nikadhani ndiyo amenichoka. Albamu iliisha, hakuna aliyeirudisha mwanzo.

Usidhani tumerudi malaika. Bili ni zilezile. Lakini sasa, usiku mmoja kwa wiki, simu zinalala kabatini.

Ukipanga safari, papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo andaa na kiingilio. Beba nguo za kuogelea, dawa ya mbu, na wimbo mmoja ambao mwenzio hajawahi kukueleza kwa nini anaupenda.