Rejeta ya gari ya Ami

Wasomaji wangu, nisameheni kwa kimya cha wiki mbili. Sikuwa safarini kufuata habari. Nilikuwa natafuta rejeta.

Ami yangu ana gari ya shamba, njia namba 118, ya Matemwe. Mliowahi kuzipanda mnazijua: bodi ya mbao, mabenchi yanayotazamana, paa la kuinamia, na juu yake magunia, baskeli na matenga. Kutoka mjini hadi Matemwe ni kama kilomita 50. Kwa wakulima wa mwani na wavuvi wa kule, gari hizi ndizo zinazowafikisha sokoni na hospitali.

Ukiniuliza ni gari aina gani, nitababaika. Chesi ni ya Toyota Dyna, injini ya Isuzu, bodi imeundwa na mafundi wa hapa hapa Unguja. Siku ilipochemka Kinyasini ikamwaga maji yote barabarani, ndipo nilipojua tabu ya gari isiyo na jina.

Fundi aliikata rejeta mbovu ili tuone. Mirija imeziba kwa ukoko mweupe na kutu. Akauliza, "Nani alikuwa akitia maji ya kisima cha pwani humu?" Ami akaapa hajui. Mimi nikatazama chini.

Basi nikaanza kuzunguka maduka ya spea. Kila duka swali moja: "Ya gari gani?" Nikisema Dyna, midomo yake haikutani na mipira ya injini. Nikisema Isuzu, ni pana mno, haikai kwenye chesi. Mwenye duka mmoja akaniuzia mpya inayong'aa, ya alumini na matangi ya plastiki. Fundi akacheka. "Hii ikipasuka Matemwe nani ataiziba? Tafuta ya shaba, hiyo inalehemeka popote." Nikairudisha, wakanikata pesa.

Fundi akanifundisha: acha kutaja jina la gari, taja vipimo. Urefu, upana, unene. Mdomo wa juu upande gani, wa chini upande gani, vipenyo vyake. Na feni iachiwe nafasi, isije ikakata masega. Nikaandika yote kwenye daftari langu la kazi, ukurasa mmoja na maelezo ya mkutano wa waandishi.

Siku ya saba Ami akaanza kusema aiuze gari kwa watu wa vyuma chakavu. Ndiyo iliyonisomesha mimi, gari hiyo.

Nikatuma vipimo kwa rafiki yangu Dar. Akazunguka Gerezani siku mbili, kwenye marundo ya spea za mtumba, akaipata: ya shaba, imetoka kwenye lori jingine kabisa. Ikavuka na boti, nikaipokea bandarini Malindi. Mdomo wa chini ulikuwa upande usio wetu. Fundi akauhamisha, akalehemu, akachomelea vishikio vipya.

Siku ya kumi na moja tuliondoka mjini na abiria wamejaa. Mahonda, Kinyasini, mpaka Matemwe, sindano ya joto haikupita katikati.

Pale ndipo nilipomwambia Ami. Likizo za skuli nilikuwa utingo wake. Alikuwa akinipa dumu nikajaze bombani, mbali kidogo. Mimi kwa uvivu nachota kisima cha karibu na ufukwe, maji ya chumvi chumvi, nafunga mfuniko, nakwenda kucheza mpira. Miaka mitatu.

Ami alinyamaza. Kisha akanipa dumu. "Nenda bombani. Kule kule mbali."

Nikaenda. Nina miaka 29 na kitambulisho cha uandishi mfukoni.

Haya, wenye magari: tieni kulanti, na kisima cha pwani mwachieni muoshaji vyombo.