Dada wa Kalenda: Alijua Nani Anapoteza Kazi Siku Tisa Kabla ya Wenyewe

Mratibu wa ofisi ya mkurugenzi. Ukiisikia hivyo unadhani ni kazi ya kukaa kwenye feni na kupokea simu. Dada mmoja pale Same anaifanya mwaka wa sita sasa, kwenye shirika lisilo la kiserikali lenye miradi yake huko juu milimani Upare. Jina halitajwi, ila Same ni mji mdogo, wenyewe watajuana.

Kazi yenyewe ni kumiliki muda wa mtu mwingine. Mama, ndivyo ofisi nzima inavyomwita mkurugenzi, hatoki bila dada kusema anatoka saa ngapi na karatasi gani mkononi. Hotuba dada anaandika, Mama anapigiwa makofi. Ripoti ya mwaka ya kwa Msajili wa NGO ni yeye. Wageni wa wafadhili wanaotaka kupanda Mbaga mwezi wa nne, masika imeshachafua barabara, ni yeye wa kuwaambia haipitiki. Tena anabeba masweta ya ziada, maana mgeni akishaona jua la Same mjini haamini kwamba kule juu jioni watu wanajifunika blanketi.

Dar unaweza kumwambia mtu "bosi yuko kikaoni" na yakaisha. Same thubutu! Gari la ofisi limeshaonekana limepaki, mama wa chapati kaliona, bodaboda kaliona. Mtu atakaa kwenye benchi hadi jioni. Kwa hiyo dada aliacha uongo mapema: "Yupo, ila leo hutamwona." Wengi wakasema anajiona. Sawa, lakini hakuna aliyewahi kumshika kwa neno lake, na hilo ndilo lililomponza.

Januari 20, 2025, Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Mtu anaweza kuona ni habari za Washington hizo. Kabla mwezi haujaisha barua pepe ikaingia Same: mradi mkubwa wa shirika usimame. Barua pepe za Mama anazifungua dada kwanza. Kwa hiyo wa kwanza kujua hakuwa mkurugenzi, ni yeye na chai yake ya saa nne.

Mama akafunga mlango. Bodi inakaa baada ya siku tisa, mpaka hapo hakuna neno kutoka. Alikuwa na sababu zake: akitangaza mapema bila bodi, ofisi inavurugika halafu huenda mradi ukarudi. Na Sheria ya Ajira ya 2004 haimruhusu mwajiri kupunguza watu kimyakimya, lazima atoe taarifa na kushauriana nao kwanza. Ukikosea hatua unaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na hapa ni Upare jamani, kule kunakotaniwa kwamba mtu atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku!

Basi dada akapewa kazi ya kupiga hesabu. Nani ana miaka mingapi, kiinua mgongo siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, notisi siku 28. Orodha ya watu kumi na moja. Jina lake lilikuwa la tisa, na pembeni Mama kaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Wafadhili wanapenda kulipia visima, hawapendi kulipia kalenda, kwa hiyo mshahara wake ulikuwa unaokotwa vipande kutoka miradi mitatu. Kipande kinene ndicho kilichokatika.

Siku tisa hizo alikuwa anakula makande mchana na watu ambao majina yao yako kwenye kompyuta yake.

Siku ya nne, dereva akamuuliza garini. Mtu mzima, ana watoto wanne. "Dada, redio inasema Trump kafunga hela. Mimi nataka kukopa kikoba niezeke nyumba. Nichukue?"

Dada akaangalia dirishani hadi wakapita kona. Kisha akasema, "Kaka, bati haziozi. Subiri mwezi uishe."

Hakusema zaidi, wala dereva hakuuliza tena. Hakukopa.

Mhasibu msaidizi hakuuliza kitu. Wiki hiyohiyo alilipa malipo ya kwanza ya pikipiki, akaileta ofisini, wakampigia makofi, dada naye akapiga. Barua zilipotoka na yeye akiwemo, alikuja mezani kwa dada na swali moja tu: "Ulikuwa unajua siku ile unanipigia makofi?" Dada akajibu ndiyo. Angeweza kusema hapana, nani angejua?

Machi 10, Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tumaini la mradi kurudi likaishia hapo. Dada alibakizwa, nusu mshahara, kalenda ileile. Dereva sasa anaendesha Noah ya abiria, akimwona anapiga honi. Mhasibu akimwona sokoni anageukia nyanya. Pikipiki ilirudi dukani.

Mama hadi leo hajui kuhusu lile jibu la bati. Na wapo pale ofisini wanaosema kama aliweza kumpa dereva fumbo, angempa na mhasibu. Wengine wanasema hata la dereva lilikuwa kosa, siri ya bosi ni siri ya bosi.

Haya, ungekuwa wewe umekaa kile kiti, ungepiga makofi?