Kufyatua na Kubinya: Kiswahili Katika Uwanja wa Shabaha

Sisi wanafunzi wa fasihi tumelizoea mno neno shabaha. Tunazungumzia shabaha ya mwandishi, shabaha ya utafiti, shabaha ya sura ya pili, kana kwamba shabaha ni kitu cha kuelekezewa kidole tu, basi. Mwezi wa Agosti, chuo kilipofungwa, nilipata kibarua cha wiki mbili kilichonifanya nilitazame neno hili upya. Nilikuwa mkalimani katika mafunzo ya kulenga shabaha ya masafa marefu kwa walinzi wa hifadhi moja ya wanyama kaskazini mwa nchi yetu. Mkufunzi alikuwa Mwingereza wa makamo ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Walinzi walikuwa kumi na wawili, Wasamburu, Waturkana na Waborana, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa hiki hiki Kiswahili.

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijitoshelezi katika mambo ya kiufundi. Kwa upande wa bunduki dai hilo halina mashiko. Mtutu au kasiba, kitako, baruti, ganda la risasi: yote yamo kamusini tangu zamani. Vifaa vipya vilihitaji maelezo machache tu. Darubini ya kulengea hufungwa juu ya bunduki, nayo ina vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto. Kila kifundo kinapolia mara moja, risasi huhama sentimita 1 kwa umbali wa mita 100, na kwa hiyo sentimita 10 kwa umbali wa mita 1000. Hesabu hiyo waliidaka kabla sijaimaliza.

Kizungumkuti kilikuwa kitenzi. Waswahili husema kufyatua risasi, na kufyatua ni kuachia ghafla kitu kilichobanwa, kama mtego. Ilhali huo ughafla ndio adui mkubwa wa mlengaji. Kidole kikikurupuka, mtutu hutikisika kabla risasi haijatoka, na mtikisiko usioonekana kwa macho hugeuka kuwa nusu mita kule mbali. Mkufunzi alitaka mtu ashushe pumzi, atulie kabla ya kuvuta nyingine, kisha kidole kiongeze uzito polepole hata mlio umshtue mwenye bunduki mwenyewe. Nilikuwa bado nayapanga maelezo hayo wakati mzee mmoja miongoni mwao alipowageukia wenzake akasema, "Vijana, msifyatue. Binyeni, kama mnamkamua ng'ombe asiyewazoea." Kuanzia siku ile hakuna aliyefyatua tena. Tulibinya.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba katika masafa marefu mtu halengi kile anachotaka kukipiga. Risasi ya kipimo cha .308, ikiwa bunduki imerekebishwa kwa mita 100, huwa imeshuka zaidi ya mita 10 inapofika mita 1000, na safari hiyo huichukua karibu sekunde 2. Bunduki iliyorekebishwa Mombasa itapiga juu ikipelekwa Eldoret, kwa sababu hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na haiizuii risasi sana. Hata mzunguko wa dunia una sehemu yake. Hapa kwetu, karibu na ikweta, risasi inayoelekezwa mashariki hupanda kidogo na ya magharibi hushuka kidogo, tofauti ya sentimita 10 hivi kwa mita 1000. (Mkufunzi alikiri kwamba upepo huifunika tofauti hiyo mara nyingi, lakini walinzi waliipenda kuliko mambo mengine yote.)

Upepo ndio mtihani wenyewe. Bendera iliyo karibu nawe haisemi lolote kuhusu upepo wa katikati ya njia. Mkufunzi aliwafundisha kutazama kwa darubini ile hewa inayochezacheza juu ya ardhi yenye joto. Ikitiririka kwenda upande, upepo unavuma kuelekea huko. Ikipanda wima kama mvuke wa sufuria, ama hakuna upepo ama unavuma sambamba na njia ya risasi. Hewa hiyo ichezayo huwadanganya wasafiri wa jangwani kwamba mbele kuna maji, nayo ina jina zuri la Kiswahili, mazigazi. Neno hilo nililijua katika ushairi tu. Pale lilikuwa chombo cha kazi, na wafugaji wale waliyasoma mazigazi haraka kuliko mwalimu wao, maana wameishi nayo tangu wakichunga ndama.

Jioni, mkufunzi alipenda kusimulia habari za Bisley, uwanja wa Uingereza ambako mashindano makuu yamefanyika tangu 1890. Kabla ya hapo yalikuwa Wimbledon, na mwaka 1860 Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyeyafungua kwa risasi ya kwanza. Kisa kilichowakuna walinzi ni cha Marjorie Foster, mfugaji wa kuku, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya Mfalme mnamo 1930, kwa tofauti ya pointi moja. "Mfugaji!" walirudia, wakicheka kwa fahari.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa risasi kumi kwa umbali wa mita 600. Nyuma ya shabaha palikuwa na tuta la udongo, na nyuma ya tuta kilima. Risasi ya namna hii ikikosa tuta huweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Zamu ya yule mzee ilipofika, alilala kifudifudi, akashusha pumzi, akaweka kidole. Kisha akakiondoa, akaitoa risasi katika bunduki na kuinuka. Mkufunzi aliuliza kuna nini.

"Mwambie mazigazi hayana vumbi," mzee akaniambia.

Mkufunzi aliichunguza kilima kwa darubini kwa muda mrefu. Hatimaye aliwaona mbuzi wakiteremka, na nyuma yao mtoto mwenye fimbo. Mtihani uliahirishwa mpaka saa tisa alasiri, mbuzi walipokwisha kupita. Mzee alipiga nane kati ya kumi.